Kamba wawili chini ya pua

Shangazi yangu ana ndewe. Alitobolewa masikio utotoni, Pangani, matundu yakapanuliwa taratibu mpaka yakabeba majasi. Majasi yenyewe aliyaweka kando zamani, lakini matundu hayajaziba. Ndiyo maana tulipoingia chumba kile cha Metropolitan Museum, New York, hakuhitaji kusoma kibandiko ili ajue anatazama nini.

"Majasi haya," alisema.

Tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya Afrika. Sehemu ile ya jumba, iliyofunguliwa upya mwaka 2025 baada ya ukarabati, imeziweka Afrika, Amerika ya kale na Oceania chini ya paa moja. Ukipita milango michache unajikuta mwambao wa kaskazini wa Peru, mbele ya vito vya Wamoche, watu walioishi katika mabonde ya mwambao huo tangu karne za mwanzo baada ya Kristo hadi karibu mwaka 800.

Majasi yale yana upana wa sentimita 8 hivi. Vipande vya feruzi, vya mawe ya buluu na vya makombe vimepangwa vikafanya mtu anayekimbia, mwenye mabawa na kichwa cha ndege, mkononi ameshika kimfuko. Mdomo wa ndege ni wa dhahabu, umechomoza. Shangazi aliinama akatafuta upande wa nyuma, akauona mrija mnene uliokuwa unapita sikioni. Akaridhika kwamba mambo yako sawa.

Kisha tukafika kwenye pambo la pua. Ni bamba la fedha, limekatwa kwa umbo la hilali, na juu yake kamba wawili wanatazamana.

"Kamba hawa hawa wa kuliwa?"

"Hawa hawa, Shangazi."

"Mtu mzito, mwenye mali yake, anamtundika kamba puani? Angekuwa chui ningeelewa." Akakaa kimya kidogo, halafu akaongeza: "Na yeye mwenyewe hata hamwoni. Kamba yuko chini ya macho yake."

Sikuwa na la kumjibu. Wiki kadhaa zimepita tangu aondoke, na maswali yake mawili yameniganda: kwa nini kamba, na kwa nini mahali ambapo mvaaji haoni?

## Jibu linalouzwa

Muulize mtu yeyote aliyefika Cusco, mji mkuu wa zamani wa Wainka katika milima ya Andes, naye atakujibu kabla hujamaliza swali. Kondori, tumbusi mkubwa wa Andes, ni mbingu; puma, paka mkubwa wa milimani, ni dunia; nyoka ni kuzimu. Utatu huo umechongwa kwenye pete, heleni na mikufu ya fedha inayouzwa kwa wageni mji mzima, na unaelezwa kana kwamba ndio ufunguo wa kila mnyama aliyewahi kuchorwa Andes.

Ni jibu fupi na linakumbukika. Lakini ukienda nalo mbele ya vitu vyenyewe, linakwama mlangoni. Chukua vito vya Wamoche peke yake: kamba, buibui, bata, kulungu, bundi, mbweha, popo, konokono, pweza, na yule mjusi mkubwa, iguana. Konokono umweke wapi kati ya mbingu, dunia na kuzimu? Bata anayepiga mbizi, kisha akaruka, kisha akatembea matopeni, ni wa ulimwengu upi?

Tena kuna suala la wakati. Utatu ule husimuliwa kama mali ya Wainka, na Wainka waliuteka mwambao wa kaskazini katika karne ya 15, wakati ustaarabu wa Wamoche ulikuwa umekwisha miaka zaidi ya 600 kabla yao. Kumsoma kamba wa Moche kwa kitabu cha Cusco ni kuwalazimisha watu wa zamani waseme ya wajukuu wasiowajua.

Na dhahabu yenyewe haikuanza na wanyama. Mkufu wa dhahabu wa kale kabisa unaojulikana Andes ulichimbuliwa Jiskairumoko, karibu na Ziwa Titicaca. Una umri wa miaka 4,000 hivi. Ni vipande vya dhahabu vilivyofuliwa na kuviringishwa kuwa vijirija, vikatungwa pamoja na mawe ya kijani. Hauna mnyama hata mmoja.

Wanyama waliingia baadaye. Mtu fulani, mahali fulani, aliamua kwamba dhahabu inayong'aa peke yake haitoshi.

## Jagwa mbali na msitu wake

Walipoingia, waliingia kwa kishindo.

Mwaka 1989 timu ya wanaakiolojia wa Kijapani iliyoongozwa na Yoshio Onuki ilikuwa ikichimba Kuntur Wasi, hekalu lililo juu ya kilima katika mkoa wa Cajamarca, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari. Chini ya jukwaa la hekalu wakakuta makaburi, na ndani ya makaburi mataji ya dhahabu. Moja lina nyuso 14 zinazoning'inia. Jingine lina nyuso tano za jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui wetu, meno nje. Yana zaidi ya miaka 2,500.

Jagwa ni mnyama wa misitu ya joto. Cajamarca ni nchi ya milima. Hali ni hiyo hiyo Chavín de Huántar, hekalu maarufu kuliko yote ya zama zile, lililo juu zaidi ya mita 3,000. Kuta na nguzo zake zimejaa jagwa, mamba wa mito ya Amazon aitwaye kaimani, na tai mkubwa wa msituni. Julio C. Tello, baba wa akiolojia ya Peru, aliyefika Chavín mwaka 1919, aliwatazama wanyama hao na kuhitimisha kwamba mizizi ya ustaarabu ule iko upande wa mashariki, msituni. Waliomfuata wamebishana naye kuhusu asili ya watu wenyewe, lakini wanyama hawabishaniwi. Ni wa kule.

Jambo hili lilinisumbua kwa sababu nilikuwa nimeanza kujijengea jibu jepesi: kwamba watu walivaa wanyama waliowaona kila siku. Kamba wa mtoni, bata wa bwawani, buibui wa darini. Kumbe karne nyingi kabla ya Wamoche, kichwa cha mkubwa wa Kuntur Wasi kilibeba mnyama ambaye wengi wa waliokuwa wakimtazama huenda hawakuwahi kumwona. Walichokuwa nacho ni habari zake, labda ngozi yake, labda jino lililopita mikono mingi juu ya milima hadi kufika kwao.

Sasa hao wawili wanawekwaje kikapu kimoja, jagwa wa kusimuliwa na kamba wa kuliwa?

## Masharubu

Aliyenifungulia njia si Mmoche. Ni Mnasca.

Wanasca waliishi mwambao wa kusini, ni wale wenye michoro mikubwa ya jangwani inayoonekana vizuri kutoka angani. Mafundi wao walitengeneza pambo la pua ambalo nikiliona pichani mara ya kwanza sikulielewa hata kidogo. Ni bamba jembamba la dhahabu iliyofuliwa. Katikati lina nafasi ya kuningʼinia puani, na kila upande linachanua kuelekea mashavuni na juu, michirizi iliyopinda, ncha zake mara nyingine zikiishia kwenye vichwa vya nyoka. Linaziba mdomo karibu wote.

Ukiliona limelala kwenye kitambaa cheusi cha jumba la makumbusho, unaweza kudhani ni ua au ndege. Lakini Wanasca waliwachora watu na viumbe wao kwenye vyungu wakiwa wamelivaa, na pale usoni linaeleweka papo hapo. Ni masharubu ya paka.

Hawakuchora paka wakamtundika usoni. Walichukua kiungo kimoja cha paka wakakipachika kwenye uso wa mtu.

Tangu hapo nimekuwa nikivitazama vito hivi upya. Tunauliza, "Mnyama huyu anamaanisha nini?" kana kwamba pambo ni neno na jumba la makumbusho ni kamusi. Jagwa sawasawa na nguvu. Nyoka sawasawa na uzazi. Lakini pambo lilikuwa sehemu ya mwili. Linaziba mdomo, linatikisika mtu akipumua, linabadilisha sauti yake anaposema, linamulika jua kwenye macho ya anayemtazama. Swali linalonipa majibu ni jingine: pambo hili lilimfanya mvaaji awe nani mbele ya watu?

Na hilo linajibu nusu ya swali la Shangazi. Masharubu hayahitaji kuonwa na paka mwenyewe.

## Buibui kumi

Februari 1987 wezi wa makaburi walichimba shimo katika piramidi ya matofali ya udongo huko Huaca Rajada, kijiji cha Sipán, karibu na Chiclayo. Polisi walipokamata sehemu ya vitu, wakamwita mwanaakiolojia Walter Alva aje avitazame. Alva alipiga kambi pale pale, akachimba chini ya ulinzi, na yeye na wenzake wakakuta kaburi ambalo halijaguswa: la mtawala wa Kimoche anayeitwa sasa Bwana wa Sipán. Vito vyake vimeandikwa sana, sitavirudia vyote. Ninataka kukaa kwenye kaburi jingine, la chini zaidi na la zamani zaidi, la mtu aliyepewa jina la Bwana Mzee wa Sipán.

Kifuani alikuwa na kidani cha buibui kumi wa dhahabu.

Tazama mmoja tu. Buibui amekaa katikati ya utando uliotengenezwa kwa nyuzi za dhahabu. Miguu yake imeshika nyuzi. Mgongo wake, pale ambapo tumbo la buibui hufura, ni uso wa mtu, macho wazi. Kila shanga imeunganishwa kwa lehemu mahali zaidi ya 100, na anayejua kazi ya sonara anajua maana yake: kila unapopeleka moto kuunganisha kipya, unahatarisha kuyeyusha ulichokwisha kuunganisha. Ndani mna vipira vidogo vya dhahabu, hivyo mvaaji akisogea kidani kinalia. Na upande wa nyuma, ule unaolala kifuani usioonwa na mtu, nao una mchoro wa kuzunguka, umefanywa kwa uangalifu ule ule.

Upande wa nyuma! Fundi alijua kwamba siku kidani kitakapovaliwa, mchoro ule utagusa ngozi tu. Akaufanya hata hivyo.

Kwa nini buibui? Alva na wenzake wametoa maelezo ambayo naona yanasimama vizuri kwa sababu yanaanzia kwenye tabia ya mnyama. Buibui hunasa mawindo, huyafunga kwa nyuzi, kisha huyafyonza. Vyungu vya Wamoche vinaonyesha wapiganaji wakiwakamata maadui wakiwa hai, wakiwafunga, wakiwapeleka kwa makuhani, na damu yao ikitolewa katika kikombe na kunywewa na bwana mkubwa. Mwanaakiolojia Christopher Donnan alikuwa ameichambua sherehe hiyo kutoka kwenye michoro ya vyungu miaka kadhaa kabla ya Sipán. Makaburi yalipofunguliwa, wakaonekana watu waliozikwa na mavazi yale yale ya wahusika wa michoro, hata kuhani mwenye taji la bundi. Sherehe haikuwa hadithi tu. Kulikuwa na watu walioifanya.

Kwa hiyo buibui kifuani hakuwa sifa ya jumla kama "ujasiri" au "hekima". Alikuwa kazi. Kunasa, kufunga, kunywa.

Buibui ana upande mwingine pia. Waandishi wa Kihispania walioishi Andes baada ya uvamizi walieleza waaguzi waliofuga buibui kwenye vyombo vilivyofunikwa, wakavifunua na kutazama kama miguu ya buibui imenyooka au imekunjika, wakasoma humo bahati ya mtu. Lakini hizo ni habari za miaka zaidi ya elfu moja baada ya Bwana Mzee. Zinavutia, na ninajizuia nisizishone kwenye kidani chake kwa sababu tu nyuzi zinafanana.

## Mawindo sikioni

Nilipofika kwenye buibui nilidhani nimepata jibu: vaa mnyama, uwe mnyama. Masharubu yanakufanya paka, buibui anakufanya mkamataji.

Kisha nikakumbuka kulungu.

Bwana wa Sipán alizikwa na jozi tatu za majasi ya dhahabu na feruzi. Jozi moja ina mpiganaji mdogo katikati, ametoka mzima mzima kwenye bamba, na silaha zake ukubwa wa punje. Jozi ya pili ina bata. Ya tatu ina kulungu.

Hapo hoja yangu ikayumba. Katika vyungu vya Moche, kulungu ndiye mnyama anayewindwa na mabwana waliovaa mavazi rasmi, uwindaji ambao haukuwa wa kutafuta kitoweo cha siku. Donnan ameonyesha jinsi uwindaji wa kulungu na vita vilivyochorwa kwa namna moja. Kulungu anaonekana amekaa uchi kama mateka, na kitanzi shingoni, mikono nyuma, ana mwili wa mtu na kichwa chenye pembe. Kulungu ni aliyeshindwa. Sasa bwana anamvaa aliyeshindwa sikioni kwa sababu gani? Hawezi kuwa anataka kuwa yeye.

Lakini katika vyungu hivyo hivyo kulungu anaonekana pia kama mpiganaji kamili, rungu mkononi. Bata naye hivyo hivyo, bata mwenye ngao. Nimezunguka na jambo hili siku nyingi, na mahali nilipofika, kwa sasa, ni hapa: katika vita vya Wamoche mpiganaji na mateka walikuwa mtu yule yule kwa nyakati mbili. Asubuhi una rungu, jioni una kitanzi. Kulungu anabeba pande zote mbili, na sikio la bwana lilibeba kumbukumbu kwamba mambo yangeweza kugeuka. Hii ni tafsiri yangu, na mtu anayewajua Wamoche kuliko mimi anaweza kuivunja. Siiachi, kwa sababu inamheshimu aliyevaa. Inamfanya mtu mwenye akili aliyejua alichovaa, badala ya mfalme wa kubuni anayejipamba kwa kila chenye kutisha.

Pembeni ya haya yote, alikuwa na kidani cha karanga. Karanga 10 za dhahabu upande wa kulia, 10 za fedha upande wa kushoto, kubwa kuliko karanga halisi, mikunjo ya ganda imefuatwa mstari kwa mstari. Sasa simshangai kamba.

## Shaba yenye ngozi

Vitu vingi vinavyoonekana vya dhahabu katika majumba ya makumbusho ni shaba iliyovaa dhahabu.

Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza nilihisi nimepunjwa. Kisha nikasoma kazi za Heather Lechtman, mtaalamu wa madini ya kale wa MIT, na hisia ile ikageuka. Alichunguza vipande vya Loma Negra, makaburi ya Wamoche huko Piura, na kukuta utando wa dhahabu mwembamba mno, kati ya nusu mikroni na mikroni 2 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), umesambaa sawasawa hadi kwenye kingo za bamba la shaba. Kwa kupaka au kubandika karatasi ya dhahabu usingepata hivyo. Yeye na wenzake wakajaribu maabara: wakayeyusha dhahabu kwenye mchanganyiko wa chumvi na madini ambayo Wamoche wangeweza kuyapata, wakapunguza ukali wake, wakauchemsha, wakatumbukiza shaba. Dhahabu ikatoka kwenye maji ikashika shaba yenyewe, bila umeme wa mashine yoyote. Moto ukaifunga.

Njia nyingine ilikuwa kuchanganya dhahabu na shaba tangu mwanzo, kisha kulifua bamba na kulitia moto tena na tena. Kila mara shaba ya juu huungua na kuondolewa kwa kitu kikali, mpaka uso unabaki na dhahabu iliyokuwa imejificha ndani. Lechtman aliona humo fikra nzima: kwamba kinachoonekana nje lazima kiwe kimetoka ndani.

Fikiria basi nyoka anayejivua gamba, au kamba anayeacha ganda lake kuukuu na kutoka na jipya. Ninajua hapa ninapita ushahidi. Hakuna Mmoche aliyetuandikia kwamba metali inabadilika ngozi kama kamba, kwani Wamoche hawakuacha maandishi tunayoweza kuyasoma. Lakini mafundi wale walifanya kazi mwaka mzima na kitu kinachobadilika rangi mikononi mwao, wakakitumia kuwatengeneza wanyama wanaobadilika, wakawavisha watu waliokuwa wakigeuka kuwa zaidi ya watu. Siamini kwamba mambo hayo matatu yalikutana kwa bahati.

Kuhusu kamba mwenyewe ninaweza kusema machache. Mwambao wa Peru ni jangwa. Maisha yote yamo kwenye mito inayoshuka kutoka milimani mvua zinaponyesha huko juu. Kamba wa mtoni yumo ndani ya maji hayo. Ana silaha mbili mbele, na gamba gumu. Kwenye pambo la pua wawili wanatazamana juu ya mdomo wa mtu, na kila neno la mtu huyo linapita kati yao.

## Pua ya nani?

Kinachoniuma ni kwamba jibu kamili lilikuwepo, likaharibiwa.

Loma Negra, lilikotoka pambo la kamba, iliporwa kuanzia mwaka 1969. Mamia ya vipande vilitoka ardhini bila daftari, bila mchoro wa kaburi, vikatawanyika kwenye makabati ya watu na majumba ya makumbusho. Hatujui pambo la kamba lilikuwa na nani. Mwanamume au mwanamke, kuhani au mpiganaji, mzee au kijana. Hatujui lililala puani, mkononi au miguuni. Hatujui lilikuwa na ndugu zake kina buibui au lilikuwa peke yake. Wezi waliiba fedha na dhahabu, na pamoja nazo wakafuta sentensi nzima ambayo kamba alikuwa neno moja ndani yake.

Sipán ilinusurika kwa sababu Alva alifika. Hata hivyo si vyote. Pambo la dhahabu la kuning'inia nyuma ya kiuno, zaidi ya kilo moja, lilizunguka gizani miaka kumi mpaka FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipolinasa Philadelphia mwaka 1997, baada ya maafisa wao kujifanya wanunuzi. Mazungumzo ya kwanza na wauzaji yalifanyika kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu ya New Jersey. Mimi huipita barabara hiyo kwenda kazini. Taji la pweza la La Mina, kaburi jingine la Wamoche, ni uso wa dhahabu uliozungukwa na mikono inayojikunja; liliibwa mwaka 1988 na kupatikana London mwaka 2006. Yote mawili yamerudi Peru. Lakini kurudi nyumbani hakurudishi mahali pake kaburini.

Na hao ni wezi wa juzi. Mwaka 1533, Cajamarca, Wahispania waliyeyusha fidia ya Atahualpa, mfalme wa Wainka waliyemteka: zaidi ya tani 6 za dhahabu na karibu tani 12 za fedha. Waliolazimishwa kuwasha majiko walikuwa mafundi wenyewe wa Andes, watu wa kazi ile ile iliyounda wanyama wale. Sijui niseme nini kuhusu sonara anayeamriwa kumtia llama wa dhahabu kwenye moto.

Ndipo unapoelewa thamani ya Huaca Cao Viejo, piramidi ya Wamoche. Mwaka 2005 Régulo Franco na wenzake walimkuta mwanamke wa Kimoche aliyefariki akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, karibu mwaka 400. Wanamwita Bibi wa Cao. Kaburi lilikuwa zima. Alikuwa na marungu ya vita, mitupio 23 ya mikuki, na mapambo ya pua zaidi ya 40. Zaidi ya 40, kwa pua moja. Kabla yake wengi waliamini kwamba mamlaka ya namna ile yalikuwa ya wanaume.

Na ngozi yake ilikuwa imesalimika. Mikononi ana chale za rangi: nyoka, na buibui.

Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikatembea chumbani. Wanyama wa kwenye vito ndio hao hao kwenye ngozi. Vito ungeweza kuvivua jioni na kubadilisha kesho, leo hiki, kesho kile, kulingana na sherehe. Chale hazivuliwi. Alipokuwa amelala bila pambo lolote, buibui walikuwa bado wako mikononi mwake.

Kama pambo lingekuwa bango tu la kuwaambia watu cheo chako, asingehitaji kuandikwa mwilini vile vile. Hapa naona mtu ambaye wanyama hawa walikuwa sehemu ya nafsi yake, na metali iliwatoa nje ili watu wengine nao wawaone.

## Mataji yaliyobaki kilimani

Wanakijiji wa Kuntur Wasi walipoona dhahabu inatoka kwenye kilima chao mwaka 1989, waliogopa itachukuliwa wasiione tena. Onuki na wenzake waliwasikiliza. Vitu vilipelekwa kuonyeshwa Japani, michango iliyopatikana ikasaidia kujenga jumba dogo la makumbusho katika kijiji cha La Conga, chini ya hekalu lenyewe, na mwaka 1994 likafunguliwa. Wanaolitunza ni watu wa kijiji.

Kuntur Wasi ipo katika mkoa ule ule wa Cajamarca ulioona majiko ya mwaka 1533. Majagwa watano waliponea kwa sababu walikuwa bado chini ya ardhi, na leo unaweza kuwatazama kisha ukatoka nje, ukapanda dakika chache, ukasimama mahali walipokuwa wamezikwa. Unajua walitoka kaburi gani, na chini ya hekalu lipi. Shangazi anasema akipona magoti twende wote. Nimeanza kuweka nauli, na huko ndiko tutakakoanzia, kabla ya Lima na kabla ya Cusco.